Safari Hairukwi

"Tumeshafika," alisema Lusajo, akazirusha dadu mezani kwa fujo. "Siku sita zimepita, mlango umefunguka, watu wote wazima. Sasa tuwashe injini, jamani, twendeni."

Bi Kidawa hakuzitazama hata hizo dadu. Alizikusanya kwa kiganja, akazirudisha kwenye kikombe cha bati, akamsukumia tena.

"Safari hairukwi," alisema. "Bado tuko siku ya kwanza. Rudi mahali pako."

Nahodha Tausi Mbarouk aliinamisha uso ili asionekane. Kusema kweli, naye alikuwa upande wa Lusajo. Huko mbele, katika kituo kidogo cha Ukoka kinachouzunguka mwezi mmoja wa sayari ya Zohali, mtambo wa hewa ulikuwa umekufa kifo cha ghafla. Watu thelathini na mmoja, wakiwemo watoto saba, walikuwa wamelala chali wakivuta pumzi kwa kubania. Hewa ya akiba ingewafikisha siku ya sita, na ya saba hakuna aliyetaka kuitaja. Meli iliyokuwa karibu nao kuliko zote ni hii, Tutaonana, mbeba barafu mkongwe, aliyekuwa amejibandika kwenye jiwe la barafu mahali ambapo hata jirani wa kumwazima chumvi hayupo. Na wafanyakazi wake wote wanne, badala ya kukimbilia mitambo, walikuwa wamekaa mezani wanacheza.

Lakini tusiwaonee. Injini ya barafu haiwashwi kama jiko la gesi. Inapashwa moto taratibu, saa baada ya saa, la sivyo inapasuka na kuwapeleka wote mavumbini. Saa hizo za kusubiri ndizo saa za meza, na watu wa barafu hawabadili njia ya meli kabla ya kukaa mezani.

Zamani ulikuwa mchezo wa kupitisha muda tu. Watu wanazunguka meza, mmoja anasimulia, wengine wanajifanya mashujaa wa meli za kubuni, na penye shaka dadu zinaamua. Wachezaji wa nchi kavu walikuwa na tabia moja iliyowaudhi sana watu wa barafu: wakifika kwenye safari yenyewe, wanasema "siku tisa zimepita, mmewasili," kisha wanaendelea na vita vyao na hazina zao. Siku tisa zimepita! Kana kwamba siku tisa ndani ya bati ni kitu cha kuruka kama dimbwi la maji. Kwa mtu wa barafu, safari ndiyo maisha yenyewe. Kuwasili ni kupakua mzigo na kutia sahihi. Basi wakatunga sheria yao, kwamba kila siku ya njiani lazima isimuliwe. Baadaye wakagundua kwamba meli zilizochezwa mezani ndizo zilizorudi nyumbani, na mchezo ukageuka desturi. Sheria ya pili ilifuata: hakuna anayejicheza mwenyewe. Unakaa kwenye kiti cha mwenzako, unanywea kikombe chake, unasema ambalo yeye angesema.

Ndiyo maana Tausi, nahodha, alikuwa amekaa kwenye kiti chenye mto uliochakaa cha Mzee Ngwale, fundi mkuu wa injini. Na Mzee Ngwale, aliyemfundisha Tausi kazi tangu hajui kukaza nati, alikuwa amekaa kwenye kiti cha nahodha, mabega juu, akijifanya mkubwa. Lusajo, rubani, alipewa kuwa watu wa Ukoka, wote kwa pamoja. Bi Kidawa, tabibu wa meli, ndiye aliyekuwa mwenye meza.

"Siku ya kwanza," alianza tena. Sauti yake ya mezani ni nyingine, ya chini, na mtu husogea bila kupenda ili aisikie. "Nahodha, amri yako ni ipi?"

Mzee Ngwale aligonga meza kwa kidole mara mbili, vile vile Tausi anavyofanya. Lusajo akacheka.

"Mara mbili na robo," alisema Mzee. "Tusukume hivyo hadi katikati ya njia, tugeuke, tufunge breki hivyo hivyo hadi mlangoni."

Hesabu yake wote waliijua kwa moyo. Meli husukuma nusu ya njia, inageuza mgongo, kisha inasukuma kinyume nusu iliyobaki. Isipofanya hivyo itapita kituoni kama risasi. Ikisukuma kwa nguvu inayompa kila mtu uzito wake wa kawaida, unakunywa chai yako bila tabu na kufika Ukoka baada ya siku tisa. Tatizo ni pale unapokuwa na haraka. Kuufanya muda uwe nusu, msukumo hauongezwi mara mbili tu, bali mara nne. Njia ni bahili, inakurudishia kidogo kwa kila unachotoa. Ili kufika siku ya sita ilibidi kila aliyemo melini abebe uzito wake mara mbili na robo, usiku na mchana, bila kupumzika.

Tausi na Lusajo wangeumwa mgongo, wangenuna, wangepona. Bi Kidawa vilevile. Mzee Ngwale alikuwa na moyo ambao Bi Kidawa mwenyewe aliupima mwaka uliopita na kusema: mara moja na nusu, basi; zaidi ya hapo simwahidi mtu kitu. Na kumwacha hapa jiweni ni kumzika akiwa hai.

"Fundi Ngwale," Bi Kidawa alimgeukia Tausi. "Ni jioni. Umelala, na kifuani pamekaa mtu mzima asiyetaka kuondoka. Unasemaje?"

Tausi alikoroma kidogo kama Mzee anavyokoroma akitaka kusema. "Nasema shwari. Nimeona makubwa kuliko haya. Kanyageni, vijana."

"Ukoka?"

"Ukoka tunauliza kama mnakuja na maandazi," alisema Lusajo.

Siku ya pili fundi wa Tausi alikuwa anadunda kama ngoma mpya. Siku ya tatu hata njaa alikuwa nayo, akataka pilipili. Bi Kidawa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakipindua kile kikombe cha bati juu ya meza, mdomo chini. Kwa watu wa barafu, kikombe kikipinduliwa mchezo umesimama.

"Tausi," alisema, na hakumwita nahodha. "Unapamba kiti."

Tausi alihisi uso unamwaka. Kupamba kiti ni kosa la watu wa meza. Mtu wa nje hawezi hata kulielewa. Ni kukaa mahali pa mwenzako, ukaona unakaa pake, kumbe umemvisha moyo unaokufaa wewe. Watoto wa melini hukemewa kwa kosa hilo. Nahodha mzima, jamani.

"Moyo wa Mzee Ngwale nimeupima miaka kumi na moja," Bi Kidawa aliendelea. "Huyo unayemcheza simjui. Huyo ni kijana wa kwenye bango la matangazo. Unataka akubali hapa mezani, ili usilazimike kumwuliza."

Ilikuwa hivyo hivyo. Tangu ujumbe wa Ukoka uingie asubuhi ile hakumwangalia Mzee machoni hata mara moja, na aliona aibu.

"Mwache, Kidawa," alisema Mzee Ngwale, akitabasamu. "Kanipa nguvu ambazo hata ujanani sikuwa nazo. Nimefurahi."

"Na wewe usifurahi. Umempamba vilevile." Bi Kidawa hakupandisha sauti. "Tausi ninayemjua hawezi kutoa amri hiyo kama mtu anayeagiza chai. Anza upya, siku ya kwanza."

Lusajo akaguna, akatazama saa ya injini ukutani, akaona bado ipo nafasi, akanyamaza. Bi Kidawa akakisimamisha kikombe.

"Nahodha. Amri yako?"

Safari hii Mzee Ngwale hakugonga meza. Aliishusha mikono yake mikubwa, yenye makovu ya moto, akaificha chini ya meza.

"Mikono inanitetemeka," alisema. "Sitaki waione." Akameza mate. "Yule mzee ndiye aliyenilea humu ndani. Kama ni mimi peke yangu, ningekwenda siku tisa." Akanyoosha mabega. "Mara mbili na robo. Tuondoke."

Tausi alitazama chini, akaona mikono yake mwenyewe iko pale chini ya meza, imeshikana. Kumbe Mzee alikuwa anamwona hivyo miaka yote, na hakuwahi kusema.

Basi naye akaacha ujanja. Akajinyoosha kwenye ule mto uliochakaa, akajaribu kuwa mtu mwenye miaka sabini na mitatu, magoti mabovu, mke aliyezikwa Mirihi, na kazi moja tu anayoijua duniani na nje ya dunia. Siku ya kwanza alisema kifua kinabana lakini si neno. Siku ya pili alisema hakulala. Lusajo, kwa niaba ya Ukoka, alisema taa zimezimwa na mama mmoja anawaimbia watoto bila kutoa sauti, midomo tu, maana kuimba kunakula hewa. Hakuna aliyemwambia aseme hivyo, na hakutaja tena maandazi.

"Mwisho wa siku ya tatu, meli inageuka," alisema Bi Kidawa. "Injini imezimwa kidogo. Mnaelea. Fundi, moyo umepumzika, umekumbuka raha ilivyo. Kisha injini inawashwa, uzito unarudi. Ni siku ya nne. Unasemaje?"

Tausi alitafuta jibu la ushujaa, hakulipata. Alichokipata kilimtisha.

"Nasema punguza," alijibu. "Nasema, Nahodha, nimeshindwa. Naogopa. Sitaki kufa nimebanwa kitandani kama nguo kwenye sanduku. Punguza, mwanangu."

Bi Kidawa aligeuza kichwa polepole kumtazama mzee aliyekaa kwenye kiti cha nahodha.

"Nahodha. Umemsikia."

"Nimemsikia," alisema Mzee Ngwale. Alikuwa anamtazama Tausi kwa macho ambayo Tausi hajawahi kuyaona kwake, macho ya mtu aliyeingiliwa ndani bila hodi na kukuta mgeni ameshakaa. "Ndivyo atakavyosema, kweli. Ni yeye kabisa." Akatikisa kichwa. "Sipunguzi. Mwambieni simpunguzii. Na kesho akiomba tena, sipunguzi."

Lusajo alifuta pua kwa mkono wa shati.

Walimaliza siku ya tano na ya sita. Bi Kidawa alitupa dadu za injini, za breki, za mlango wa Ukoka. Lusajo aliuliza kwa sauti ndogo mbona dadu ya moyo wa Mzee haijatupwa.

"Hiyo siitupi," alijibu Bi Kidawa. "Hilo meza hailijui."

*

Viti viliporudi kwa wenyewe, Tausi alisimama mbele ya Mzee Ngwale. Angeweza kutoa amri na kwenda zake. Mezani kila kitu kilikuwa kimeshasemwa, na wengine wangeridhika.

"Mzee," alisema. "Nakuuliza wewe, si kiti. Tukienda siku sita, unaweza kufa. Tukienda tisa, wale watakufa. Unasemaje?"

Mzee Ngwale alikuwa anafunga mikanda ya kitanda chake kando ya injini, akiikaza mmoja mmoja. Hakuharakisha.

"Naogopa, mwanangu," alisema. "Hivyo ulivyosema, ndivyo nilivyo. Sikujua kama inaonekana." Akaukaza mkanda wa mwisho. "Twende siku sita. Na nikianza kuomba, mjibu yule anayeomba kama nilivyomjibu mimi mezani. Usinionee huruma."

"Unaniapisha?"

"Nakuomba. Sasa, nikiwa na akili zangu."

Tausi aliinama, akambusu mkono, kama anavyombusu baba yake akienda likizo. Kisha akaenda kwenye kiti chake na kutoa amri, akiwa ameishika mikono yake magotini ili isimsaliti.

*

Siku mbili za kwanza Mzee aliwatania wote kupitia spika. Alimwambia Lusajo kwamba sasa ndiyo amekuwa na uzito wa mtu wa maana. Ya tatu alinyamaza, akajibu tu alipoulizwa. Meli ikageuka, wakaelea dakika chache, na Tausi alimsikia kwenye spika akivuta pumzi ndefu na kucheka peke yake kwa raha. Kisha uzito ukawarudia.

Asubuhi ya siku ya nne aliomba.

Tausi alitambaa hadi kitandani kwake kwa mikono na magoti, kwa sababu kusimama kulikuwa kama kubeba mtu mwingine mgongoni. Bi Kidawa alikuwa ameketi sakafuni pembeni, ameegemea ukuta, mirija ya dawa imeshaingizwa mkononi mwa mgonjwa. Alimtazama Tausi, akatikisa kichwa kuonyesha kwamba dawa hazisaidii tena.

"Punguza," alisema Mzee Ngwale. Machozi yalikuwa yanamshuka haraka kuelekea masikioni, yakivutwa na ule uzito. "Punguza kidogo tu. Mara moja na nusu. Watafika siku ya saba, watavumilia, watu huvumilia. Tausi. Mwanangu."

Kitufe cha kupunguza kilikuwa kwenye bangili ya Tausi, mkono wa kushoto, chini ya kidole gumba. Kukibonyeza kulihitaji nguvu ya kubonyeza kengele ya mlango. Lusajo alikuwa ameshamsomea ujumbe wa alfajiri kutoka Ukoka: watoto wameanza kulala wasiamke wakiitwa mara ya kwanza.

"Sipunguzi, Mzee," alisema.

Alidhani akishasema mara moja itakwisha. Haikwisha. Mzee aliomba mchana kutwa. Alibembeleza, akanyamaza, akaamka na kuanza upya kama hajawahi kuomba. Alimtukana Tausi, akamtukana na mama yake aliyemzaa, kwa maneno ambayo hakuna mtu humo aliyejua kama anayajua. Akamwita kwa jina la mkewe na kumwomba afungue dirisha. Tausi alibaki pale pale sakafuni, amemshika kifundo cha mguu, na kila alipoombwa alijibu neno lile lile, kwa sauti ile ile, kwa sababu aliogopa kwamba akibadili sauti tu atabadili na jibu.

Alimpenda mno saa hiyo. Si kwa sababu alikuwa shujaa, maana hakuwa. Alikuwa mzee anayelia. Alimpenda kwa sababu mtu huyu alikuwa amejiona mapema hivi alivyo, akiwa hoi namna hii, na bado akawachagua wale watoto. Tausi hakujua kama yeye angeweza hilo, na alijiambia wazi kwamba huenda asingeweza.

Jioni Mzee Ngwale aliacha kuomba. Mdomo wake ulikuwa umeinama upande mmoja, na mkono wa kulia haukujibu Bi Kidawa alipoubana. Lakini moyo ulikuwa unapiga, vibaya, bila mpangilio, ukijikokota.

"Bado siku mbili," alisema Bi Kidawa.

Tausi aliitikia kwa kichwa, na hakugusa bangili.

*

Ukoka hakuna aliyekuwa amekufa. Lusajo ndiye aliyeingia wa kwanza na mitungi ya hewa, akaimaliza saa nzima ya mwanzo akitembea chumba kwa chumba, akigusa mashavu ya watu na kuhesabu, kisha akihesabu upya kana kwamba haamini. Mtambo ulipoanza kupumua, watu waliketi mmoja mmoja wakitazamana. Mkuu wa kituo, mama mnene mwenye midomo iliyokauka, alimshika Tausi mabega, akamkumbatia.

Mzee Ngwale alilazwa kwenye chumba cha matibabu cha kituo, ambako uzito ni mdogo na moyo unapata nafuu. Siku yake ya tatu pale alifumbua macho na kumwona Tausi kwenye kiti. Bi Kidawa alikuwa amekwisha kumweleza yaliyompata: upande wa kulia hautarudi wote, na injini basi tena. Nje, kwenye ukumbi, watoto walikuwa wanakimbizana na kupiga kelele, wakiitumia hewa ovyo, na hakuna mtu mzima aliyewanyamazisha.

"Nahodha," alisema. Maneno yalitoka yakiburuta.

"Naam, Mzee."

"Siku ya nne siikumbuki. Nakumbuka tulivyoelea, basi." Akatulia, akikusanya pumzi. "Nilikuomba?"

Jibu tamu lilikuwa tayari ulimini. Hukuomba kitu, Mzee, ulikaa kimya kama mwamba. Lusajo asingesema, wala Bi Kidawa. Mzee angelilala nalo usingizi mwema maisha yake yote yaliyobaki. Tausi alimwangalia machoni, na ilimgharimu.

"Uliniomba," alisema. "Mchana kutwa. Ulilia. Ulinitukana, ukamtukana na mama."

Mzee Ngwale alifumba macho. Tausi akadhani amemvunja, akataka kuongeza neno la kupoza, akajizuia.

"Ukanijibu nini?"

"Nilikataa. Kila mara."

Upande mmoja wa uso wa Mzee, ule uliobaki na uhai, ulianza kusogea polepole hadi ukawa tabasamu.

"Basi mezani pale ulinicheza sawasawa," alisema.

Tausi akaushika mkono wake wa kushoto, ule unaoweza kushika, na Mzee akaubana kwa nguvu zote alizokuwa nazo.